Kipakatalishi cha Safari na Mkoba wa Mtafiti wa Kiswahili

Neno kipakatalishi limeundwa kwa ufundi unaostahili kutazamwa kabla ya fedha kutolewa mfukoni. Ndani yake mna kitenzi pakata, yaani kumweka mtoto mapajani na kumshika asianguke. Mna pia mkia wa neno tarakilishi, ambalo nalo limezaliwa na tarakimu na akili. Waliolibuni walikwisha kueleza kwa neno moja jinsi chombo hiki kinavyopaswa kuwa: kiwe chepesi cha kupakatika, na mwenye kukipakata awe macho. Ajabu ni kwamba wanafunzi wa Kiswahili, ambao ndio wenye neno, ni miongoni mwa wanaolisahau punde waingiapo dukani.

Na uchukuliwe mfano wa mwanafunzi wa uzamili anayejiandaa kwenda kisiwa cha Pate kukusanya tungo za wazee. Amepata fedha kidogo za utafiti, baadhi kwa ufadhili, baadhi kwa jamaa, na baadhi kwa kujinyima. Anashuka barabara ya Luthuli jijini Nairobi, ambako maduka ya vyombo vya elektroniki yameshikana kama meno ya chanuo. Muuzaji anamwonyesha mashine yenye kiwambo cha inchi 15.6, kibodi inayowaka taa, na prosesa inayosifiwa kwa michezo ya video. Inapendeza kwelikweli. Fedha zote zinaishia pale. Mkoba anapewa bure, chaja ni ile iliyomo sandukuni, na kuhusu diski ya nje, maikrofoni na pawabenki anajiambia kwamba ataona huko mbele. Huko mbele ni Mokowe, ambako gari hukoma na mashua huanza, kisha Lamu, kisha mashua nyingine inayongoja maji yajae ndipo ipite mlangobahari wa Mkanda kuelekea Pate. Anafika na mashine nzito, betri ya saa mbili, na nakala moja tu ya kila atakachorekodi.

Makala haya yanashikilia kwamba kosa la mwanafunzi wa aina hiyo si ukosefu wa fedha bali ni mpangilio wa fedha. Mtafiti wa Kiswahili anayesafiri hahitaji mashine kubwa. Anahitaji mashine ndogo na mkoba uliokamilika. Na pale mkoba huo unapomshinda mwanafunzi mmoja, ni wajibu wa idara na chama cha wanafunzi kuumiliki kwa niaba ya wote.

Kilichookolewa kiliokolewa na nakala

Historia ya fasihi ya Kiswahili ni shahidi wa kwanza. Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa aliyeishi kati ya mwaka 1776 na 1840, hakuiona diwani yake ikichapishwa. Tungo zake zilibaki vinywani mwa watu hadi Mwalimu Sikujua bin Abdallah alipoziandika na kumsaidia mmishenari William Taylor kuzikusanya. Karatasi za Taylor zilifika Uingereza, na baada ya kufa kwake William Hichens akazihariri. Diwani ikachapishwa Johannesburg mwaka 1940, karne nzima baada ya kifo cha malenga mwenyewe. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, nao umevifikia vizazi vya leo kwa kuwa ulinakiliwa mkono kwa mkono, nyumba kwa nyumba.

Katika masimulizi hayo hakuna aliyekuwa na chombo cha ajabu. Palikuwa na kalamu, wino na karatasi. Kilichoziokoa tungo hizo ni kwamba zilikuwapo mahali zaidi ya pamoja: moto ukiwaka katika nyumba moja, nakala ilikuwa katika nyumba nyingine. Mtafiti wa leo amejaliwa wepesi ambao Mwalimu Sikujua hakuuota, maana anaweza kunakili saa nzima ya sauti katika muda usiotosha kunywa kikombe cha kahawa. Lakini wepesi huo una upande wa pili. Mashine ikidondoka majini pale gatini, au ikiibwa katika kituo cha basi, kazi ya miezi mitatu hutoweka kwa pigo moja. Mashine hununuliwa nyingine. Mzee wa miaka themanini aliyeimba utungo ambao hakuna mwingine aujuaye huenda asipatikane tena, na sauti yake haiuzwi Luthuli.

Hapa ndipo penye uzito wa suala zima. Ununuzi wa kipakatalishi huonekana kuwa jambo la soko, lisilostahili jarida la wasomi wa lugha. Ukweli ni kwamba uamuzi unaofanywa mbele ya kaunta ya duka ndio unaoamua, kwa kiasi kikubwa, iwapo tasnifu itakuwa na data au itakuwa na visingizio.

Udogo si unyonge

Wapo wanaouogopa udogo, na wana sababu. Mwaka 2007 kampuni ya ASUS ya Taiwan ilitoa mashine iliyoitwa Eee PC 701. Ilikuwa na kiwambo cha inchi 7, uzito usiofika kilo moja, na toleo lake lililovuma lilikuwa na hifadhi ya gigabaiti 4 tu. Ilipendwa mno kwa bei yake na wepesi wake, na mwaka uliofuata kampuni nyingine kubwa zikaiga. Wasafiri, waandishi wa habari na wanafunzi walizikimbilia. Hata hivyo, furaha hiyo haikudumu. Vibonye vilibanana hata vidole vikagongana, kiwambo kilikuwa finyu kiasi kwamba ukurasa mmoja ulisomwa kwa vipande, na prosesa zilichoka mapema. Mwaka 2010 Apple ilipotoa iPad, na vipakatalishi vya kawaida vilipozidi kuwa vyembamba, soko la mashine hizo ndogo lilianza kudidimia. Kufikia mwanzo wa mwaka 2013 ASUS ilikuwa imeachana na jina la Eee PC.

Fundisho la kisa hicho si kwamba udogo ni mbaya. Fundisho ni kwamba udogo uliopatikana kwa kukata kile ambacho mtumiaji anakihitaji ni hasara, na ndiyo maana ya wahenga kusema kwamba rahisi ni ghali. Mashine ya safari inayofaa leo ni ile yenye kiwambo cha kati ya inchi 11.6 na 13.3, na uzito wa kilo moja na ushei. Kipimo cha kuaminika si karatasi ya sifa iliyobandikwa dukani bali ni vidole vya mnunuzi mwenyewe. Akae, aiweke mapajani, aandike aya nzima ya Kiswahili bila kukimbia. Kiswahili ni lugha ya maneno marefu na irabu nyingi. Kibodi inayoruka herufi a au inayokwama kwenye kibonye cha nafasi itamtesa mwandishi wake kuliko itakavyomtesa mwandishi wa lugha nyingine. Kisha aipime mashine pamoja na chaja yake. Zipo mashine nyepesi zenye chaja nzito kama jiwe la kusagia, na mwenye duka hutaja uzito wa mashine peke yake.

Na kazi yenyewe haihitaji nguvu za kutisha. Mtafiti wa fasihi huandika, husoma maandishi ya PDF, hutazama picha za miswada, husikiliza sauti na kuinukuu. Audacity, inayotumiwa kuhariri sauti, haina malipo. ELAN, iliyotengenezwa na taasisi ya Max Planck huko Nijmegen, Uholanzi, kwa ajili ya unukuzi na ufafanuzi wa sauti na video, nayo hupatikana bure. Programu zote mbili hufanya kazi bila taabu katika mashine ya wastani yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8 na hifadhi ya gigabaiti 256. La msingi ni hifadhi hiyo iwe ya aina ya SSD, isiyo na kisahani kinachozunguka ndani. Diski za kale zenye kisahani huumia kwa mtikisiko, na hakuna mtikisiko kama wa gari kwenye barabara mbovu au wa mashua yenye injini katika bahari ya kusi.

Wengi wa wanafunzi hununua mashine zilizokwisha kutumika ng'ambo, zile ziitwazo Ex-UK. Hakuna aibu katika hilo, na mara nyingi ndiyo busara, kwa kuwa mashine za ofisi zilizotumika huwa imara kuliko mashine mpya za bei ya chini. Lakini mnunuzi ajue mambo mawili. La kwanza, Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Mrithi wake, Windows 11, anadai kiungo cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na, kwa upande wa prosesa za Intel, kizazi cha nane au cha baadaye kwa jumla. Mashine ya kizazi cha nne inayouzwa kwa bei ya kutupa imetupwa kwa sababu. Anayeinunua awe tayari kuiwekea Linux, ambayo inatosha kabisa kwa kazi zilizotajwa. La pili ni betri. Katika Windows, amri ya powercfg /batteryreport hutoa ripoti inayoonyesha uwezo wa betri ilipotengenezwa na uwezo wake wa sasa. Betri iliyobakiza nusu ya uwezo wake si betri ya safari, na muuzaji anayekataa amri hiyo iandikwe mbele ya mnunuzi amekwisha kujibu swali.

Mkoba uliokamilika

Kanuni inayopendekezwa hapa ni nyepesi kukumbuka: theluthi mbili za fedha ziende kwa mashine, theluthi moja ibaki kwa vifaa. Mwenye shilingi elfu sitini asiingie dukani akitafuta mashine ya elfu sitini. Atafute ya elfu arobaini. Vifaa si mapambo. Ndivyo vinavyogeuza kipakatalishi kuwa chombo cha utafiti.

Cha kwanza ni kinasasauti au simu nzuri, pamoja na maikrofoni ya kubana kifuani. Maikrofoni iliyomo ndani ya kipakatalishi husikia feni ya mashine kwanza, upepo wa pili, na mzee wa mwisho. Cha pili ni hifadhi. Sauti iliyorekodiwa kwa ubora wa biti 24 na kilohezi 48, kwa njia mbili, huchukua takriban gigabaiti moja kwa saa. Mtafiti atakayerekodi saa ishirini atakuwa na gigabaiti ishirini, na akitunza nakala tatu, atahitaji sitini tu. Hesabu hii inaonyesha kwamba hahitaji diski ya bei ya juu. Anahitaji vitu viwili au vitatu vya wastani vinavyokaa mahali tofauti: nakala moja ndani ya mashine, nyingine katika diski ya nje, na ya tatu katika kadi au flashi isiyolala ndani ya mkoba huo huo. Mwizi huchukua mkoba mzima, hachagui.

Cha tatu ni umeme. Chaja nyingi za vipakatalishi hupokea umeme wa volti 100 hadi 240, kwa hiyo volti si tatizo popote msafiri aendapo, ila asome maandishi yaliyo juu ya chaja ili kuhakikisha. Tatizo ni umbo la plagi. Anayetoka Nairobi kwenda Kampala, Dar es Salaam, Muscat au Dubai atakutana kwa kawaida na soketi za pini tatu bapa alizozizoea. Anayekwenda Kigali, Bujumbura, Bukavu au Lubumbashi kukusanya Kiswahili cha huko atakutana na mashimo ya duara, na hali ni hiyo hiyo kwa atakayealikwa Bayreuth, Ujerumani, ambako wataalamu wa Kiswahili wamekuwa wakikongamana kwa miaka mingi. Adapta ndogo ya bei ya chakula cha mchana humwokoa na aibu ya kuwasilisha makala kwa mashine iliyozimika.

Kuhusu pawabenki, mnunuzi asidanganywe na tarakimu kubwa zilizoandikwa juu yake. Kipimo halisi ni wati-saa, kinachopatikana kwa kuzidisha volti na ampea-saa. Pawabenki ya miliampea-saa 20,000 kwa volti 3.7 ina wati-saa 74. Kipakatalishi kidogo chenye betri ya wati-saa 45, kikitumia wati 9 kwa kazi ya kuandika, hudumu saa tano. Pawabenki hiyo, hata baada ya kupoteza sehemu ya nguvu zake njiani, humwongezea mtafiti siku nzima ya kazi. Sharti ni kwamba mashine iwe inapokea umeme kwa tundu la USB-C, na pawabenki iwe na nguvu ya kuilisha mashine, si simu tu. Tundu hilo la USB-C linastahili kuwa miongoni mwa maswali ya mwanzo dukani, kwa kuwa chaja moja huweza kulisha simu, mashine na kinasasauti, na mzigo ukapungua kwa nusu.

Kwa anayepanda ndege, betri za akiba na pawabenki hubebwa mkononi, kamwe haziwekwi katika mizigo ya chini. Zisizozidi wati-saa 100 kwa kawaida hukubaliwa. Zilizo kati ya 100 na 160 huhitaji idhini ya shirika la ndege. Mashirika mengine huongeza masharti yake, kama Emirates ambayo ilianza kukataza matumizi ya pawabenki ndani ya ndege mnamo Oktoba 2025. Msafiri asisahau pia yaliyotokea Machi 2017, Marekani ilipozuia vipakatalishi kuingizwa ndani ya ndege zilizotoka moja kwa moja katika viwanja kumi vya nchi nane, vikiwemo vya Dubai na Doha ambavyo Wakenya wengi hupitia. Marufuku hayo yaliondolewa kufikia Julai mwaka huo, lakini yaliacha somo: upo uwezekano wa msafiri kutenganishwa na mashine yake bila hiari. Data zisizo na nakala mfukoni zimewekwa rehani.

Mwisho ni kinga dhidi ya maji na chumvi. Mfuko usiopenya maji, hata ule wa plastiki ngumu unaofungwa kwa kukunjwa, ni wa lazima kwa anayekwenda visiwani. Hewa ya pwani ina chumvi, na chumvi hula shaba bila kelele.

Pingamizi na majibu

Pingamizi la kwanza husema kwamba simu inatosha. Kuna ukweli ndani yake. Simu ya leo hurekodi vizuri na kupiga picha za miswada kwa ubora wa kuridhisha. Lakini unukuzi wa saa moja ya utenzi, pamoja na kusimamisha, kurudisha nyuma na kuuliza, huchukua saa nyingi, na kazi hiyo haifanyiki kwa dole gumba. Tena unukuzi wa awali hufaa ufanywe pale pale nyanjani, mzee akiwa karibu wa kuulizwa maana ya neno. Anayengoja kurudi chuoni hugundua neno asilolielewa akiwa kilomita mia kadhaa kutoka kwa mwenye kulijua.

Pingamizi la pili ni kwamba hifadhi ya mtandaoni imeondoa haja ya diski. Kwa mtandao wenye kasi ya megabiti moja kwa sekunde, gigabaiti moja huchukua zaidi ya saa mbili kupanda, ikiwa mtandao hautakatika. Hifadhi ya mtandaoni ni nakala nzuri ya tatu msafiri akifika mjini. Si nakala ya kwanza ya kutegemewa kisiwani.

Pingamizi la tatu lina uzito zaidi, na hutolewa na wahadhiri waliofanya utafiti wao kwa daftari: kwamba mashine huweka ukuta kati ya mtafiti na mzee. Ni kweli. Kijana aliyefungua kiwambo kikubwa katikati ya baraza, macho yakiwa kwenye mwanga na si kwa anayesema, amekosa adabu kabla hajakosa data. Wala mzee hawezi kulaumiwa akifupisha maneno yake. Lakini jibu la pingamizi hili linaimarisha hoja ya udogo badala ya kuibomoa. Mashine ndogo hukaa mkobani wakati wa mazungumzo. Kinasasauti, kwa ruhusa iliyoombwa na kupewa, hukaa pembeni. Daftari na kalamu hubaki mkononi. Kipakatalishi hufunguliwa jioni, mtafiti akiwa peke yake, au siku ya pili anapomsomea mzee alichoandika ili arekebishwe. Kifaa kinachojua kujificha ndicho kinachofaa barazani.

Hapo hapo kuna suala la amana. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 nchini Kenya humtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde, na kibali cha NACOSTI hakimwondolei mtafiti dhamana hiyo. Mashine ifungwe kwa nywila thabiti, na hifadhi yake isimbwe ili aliyeiokota asisome kilichomo. Mzee aliyesimulia mambo ya ukoo wake alimwambia mtafiti, hakumwambia mnunuzi wa mali ya wizi.

Lugha ndani ya mashine

Wanafunzi wa Kiswahili wana sababu moja zaidi ya kuikagua mashine kabla ya kuilipia. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Microsoft nayo ilitoa vifurushi vya Kiswahili kwa programu zake katika muongo huo huo. Ilhali wengi wa wasomi wa lugha hii huandika tasnifu zao za Kiswahili katika mashine iliyowekwa Kiingereza tangu siku ya kwanza, kurasa zikijaa mistari myekundu kana kwamba lugha nzima ni kosa moja refu.

Madhara yake si ya macho tu. Programu ya kuandika iliyowekwa Kiingereza hugeuza herufi i inayosimama peke yake kuwa herufi kubwa. Mwanafunzi anayenukuu tungo za kale, ambamo i ni kitenzi kishirikishi kama katika sentensi "nyumba i wazi", hujikuta akirekebisha kilichokuwa sahihi, na asipokuwa mwangalifu humhusisha malenga na kosa ambalo ni la mashine. Anayeshughulikia miswada ya hati za Kiarabu atahitaji pia mpangilio wa vibonye wa Kiarabu, na kwa herufi za sauti kama p na ch, ambazo aghalabu hazimo katika mpangilio huo wa kawaida, atahitaji pia ule wa Kiajemi. Mipangilio hii ni ya bure na huwekwa kwa dakika chache. Gharama yake ni kuijua tu.

Wajibu wa idara na chama

Inabaki hoja ya fedha, nayo haiwezi kupuuzwa. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na ni rahisi kwa anayepokea mshahara kumwambia mwanafunzi anunue hiki na kile. Wapo wanafunzi ambao hata hiyo mashine ya theluthi mbili ni ndoto. Kwao, ushauri wa dukani hautoshi.

Idara za sayansi hazimtaki mwanafunzi ajinunulie darubini. Darubini ni ya maabara, na mwanafunzi huitumia kwa zamu. Hakuna sababu ya msingi kwa nini idara ya Kiswahili isiwe na maabara yake ndogo inayobebeka: mikoba mitatu au minne, kila mmoja ukiwa na kipakatalishi kidogo, kinasasauti, maikrofoni, diski mbili, pawabenki, adapta na mfuko wa kuzuia maji. Mwanafunzi aazime kwa saini yake na ya msimamizi wake, aende nyanjani, arudishe. Na sharti la kurudisha lisiwe mashine peke yake. Airudishe pamoja na nakala ya rekodi zake, kwa kiwango ambacho waliorekodiwa wameridhia, ziwekwe katika hifadhi ya idara. Nakala nyingine ipelekwe kwa mzee mwenyewe au jamaa zake, kwa kuwa ni mali yao kabla haijawa data ya mtu.

Chama cha wanafunzi kina nafasi yake pia. Hakihitaji bajeti ya kununua mikoba ili kianze. Kinaweza kuanza kwa alasiri moja kila muhula, wanaorudi nyanjani wawaonyeshe wanaokwenda jinsi ya kupima betri, kurekodi bila upepo, kutunza nakala tatu na kuweka Kiswahili katika mashine. Maarifa haya hayafundishwi katika kozi ya mbinu za utafiti, ambayo huishia kwenye hojaji na sampuli, na mwanafunzi huachwa ayapate kwa hasara.

Yako maswali matatu ambayo mwanafunzi anayejiandaa kwa safari anafaa kuyajibu kabla ya kutoa fedha. Je, ataibeba mashine hii kwa mguu kutoka gatini hadi nyumba ya mwenyeji bila kuibadilisha mkono kila hatua kumi? Je, umeme ukikosekana siku mbili, kazi itaendelea? Je, ikipotea leo usiku, kesho asubuhi atakuwa bado na sauti za jana? Anayejibu ndiyo mara tatu amenunua vyema, hata kama mashine yake ni kuukuu na haina mtu wa kuisifu. Anayejibu la katika swali la tatu arudi dukani, aibadilishe ile ya inchi 15.6, achukue ndogo, na chenji yake inunue diski.